Milioni mbili za chama na kiti cha Vitz

Chama chetu hukutana Jumapili ya pili ya kila mwezi. Tunakunywa chai, tunahesabu michango, tunawazomea kidogo waliochelewa kulipa, halafu kila mtu anashika njia yake. Mwezi uliopita ajenda ya mwisho ilituweka hadi saa mbili usiku. Vijana wanne wenye karakana Industrial Area wanaunda ndege ya umeme inayopaa wima kama helikopta, kisha ikishafika juu inasafiri kwa mabawa kama ndege ya kawaida. Wanauza hisa, na kwetu wanataka shilingi milioni mbili. Aliyewaleta ni mwenzetu, mjomba wa mmoja wao.

Watu waligawanyika papo hapo. Upande mmoja ulisema tumenunua ploti za Joska hadi tumechoka, na kwamba hata M-Pesa ilipoanza 2007 kuna waliocheka. Upande wa pili uliongozwa na mama mweka hazina, mwenye duka la jumla Gikomba, ambaye alisema pesa ya wajane haipandishwi angani. Mimi nikatupiwa mzigo kwa sababu nilisomea uhandisi wa mitambo kabla maisha hayajanipeleka kuuza pampu za maji kule Grogan. Nikaambiwa: nenda ukaone, utuandikie. Jina la kampuni silitaji, maana vijana hawajaomba kutangazwa.

Karakana yao iko nyuma ya kiwanda cha magodoro, kando ya Enterprise Road. Ukiingia unapokewa na harufu ya gundi ya faiba. Ndege yenyewe imekaa uani: fremu ya mabomba ya alumini na faiba ya kaboni, mabawa marefu kuliko nilivyodhani, na mota nane, kila moja na pangaboi lake la mbao lenye kipenyo cha mita moja na nusu. Katikati kuna kiti. Nilikitambua kabla sijaambiwa. Ni kiti cha mbele cha Toyota Vitz, kitambaa cha kijivu, na karibu na goti la kulia kuna tundu dogo lililoungua kwa sigara ya mwenye gari wa zamani. Kwenye kiti walikuwa wamelifunga gunia la mchanga kwa mkanda wa usalama, kilo 90, ndiye abiria. Chini, minyororo minne iliishikilia fremu kwenye vitalu vya zege.

Wakanipa vizibo vya masikio. Mapangaboi yakaanza polepole, halafu mlio ukapanda hadi ukawa kama wa nyuki waliokasirishwa, vumbi lote la uani likahamia kwa jirani, na ile ndege ikanyanyuka kimo cha goti. Minyororo ikakaza. Ikasimama hapo ikitetemeka sekunde arobaini hivi, gunia limetulia kitini kama mzee kanisani. Kompyuta ilionyesha kilowati 57. Walipoishusha, msichana anayeshughulikia betri akapita akigusa kila pakiti kwa kiganja kabla ya kusoma kipimajoto. Nikamuuliza kwa nini. "Kipimo huweza kudanganya, mzee. Mkono hudanganya mara chache."

Nakiri nilitoka pale moyo ukidunda. Kwa hiyo yanayofuata yasomwe mkijua kwamba yameandikwa na mtu aliyependa alichokiona, kisha akalala juu yake siku nne.

Nianze na hizo kilowati 57, kwa kuwa humo ndimo mlimo na ukweli mwingi. Ndege na gunia lake vina uzito wa kilo 340. Kuning'inia hewani bila kusonga ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa ambazo ndege inaweza kufanya, kwa sababu unasukuma hewa chini mfululizo ili usianguke, na mabawa hayakusaidii hata kidogo. Ikishashika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, bawa linachukua uzito na mota zinabaki na kazi ya kusukuma mbele tu. Vijana wanakadiria hapo itahitaji kilowati 20, au chini kidogo. Nimezipiga upya hesabu zao jioni moja dukani, kwenye risiti, na zinakaribiana na zangu. Betri ina kilowati-saa 16. Ukitoa za kupaa, za kutua, na akiba ambayo rubani mwenye akili haigusi, inabaki safari ya kilomita 30 na kidogo. Hiyo ni Nairobi hadi Kitengela na chenji kidogo. Machakos haifiki.

Kisa cha ufupi huo kila fundi anakijua. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati ya kama kilowati-saa 12. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu ina robo ya kilowati-saa, ikizidi kidogo tushukuru. Hata injini ya mafuta ikipoteza robo tatu ya nishati yake kwa joto na moshi, bado kilo ya mafuta inaishinda kilo ya betri mara kumi na zaidi. Tena mafuta yakichomwa uzito unapungua njiani, ilhali betri iliyoisha ina uzito uleule wa betri iliyojaa.

Lakini kuna jambo moja ambalo wapingaji wetu hawakulijua, na ambalo mimi muuza pampu nalijua kwa uchungu. Mteja wa Limuru mimi humwambia achukue injini ya petroli kubwa kuliko ya mteja wa Malindi, ingawa visima vyao vina kina kimoja. Injini ya petroli inapumua, na huko juu hewa ni nyepesi. Mota ya umeme haipumui. Inatoa nguvu ileile Lamu na Nyahururu. Nairobi iko juu sana: uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Februari hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja katika sita. Mapangaboi yanalisikia hilo, ndiyo maana ndege hii ambayo Mombasa ingening'inia kwa kilowati 52 hapa inataka 57. Ila mota yenyewe haikupoteza kitu. Kwa mji uliojengwa mahali petu, umeme una haki ya kujaribiwa, na ndege itakayofaulu hapa haitatishwa na Addis Ababa wala Kigali. Hii baridi yetu ya Julai nayo ni rafiki wa betri zinazopata joto. Wazungu wanaojaribia ndege zao karibu na usawa wa bahari hawana somo hilo bure.

Vilevile si kweli kwamba watu wadogo wa Nairobi hawawezi umeme wa usafiri. Roam walianza 2017 wakiitwa Opibus, leo pikipiki zao zinaonekana kila kona. BasiGo waliingiza mabasi mawili ya kwanza ya umeme barabarani Machi 2022, watu wakasema betri zitakufa kabla ya Krismasi, na mabasi yakaongezeka. Mafundi waliofunzwa na kampuni hizo sasa wako sokoni. Wawili kati ya vijana wetu wanne walijifunza kufunga pakiti za betri kwenye pikipiki. Ujuzi huo haukuwepo mjini miaka kumi iliyopita.

Sasa nije kwenye kijitabu chao cha kuombea pesa. Ukurasa wa nne una picha ya ndege ikipita juu ya Uhuru Highway, chini taa nyekundu za magari yaliyokwama, na maandishi makubwa: JKIA hadi Westlands, dakika saba. Ukurasa huo ndio uliowavutia wenzetu wengi, na kwa maoni yangu ndio mbovu kuliko kurasa zote.

Barabara ya Expressway ina kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na imekuwa wazi tangu 2022. Tangu Januari 2024 gari dogo hulipa shilingi 500 kwa safari ndefu kabisa. Ukitoka JKIA wakati wa kawaida, dakika ishirini uko Westlands ukitafuta maegesho. Mteja mwenye uwezo wa kulipia kiti cha ndege ni yuleyule asiyeiona mia tano. Atakachookoa ni dakika kumi na tatu, na kutoka humo ondoa za kutembea hadi kituo cha ndege, kupimwa begi, kufungwa mkanda, kuelezwa usivyopaswa kugusa, na kusubiri aliyetangulia aondoke. Ama yule aliyebanwa kwenye matatu Jogoo Road saa moja asubuhi, ambaye msongamano unamla maisha kwelikweli, huyu hayumo kwenye hesabu. Ndege ya kiti kimoja ikipita juu yake haimwongezei wala haimpunguzii kitu, isipokuwa kelele.

Halafu itatua wapi? Watu hutaja KICC, maana juu ya mnara ule, uliofunguliwa 1973, kuna uwanja wa helikopta. Nimepanda kule na wageni. Wanalipa kiingilio, wanapiga picha za Uhuru Park, upepo unawapeperusha kofia. Enzi mnara ule unajengwa, dunia nzima iliamini helikopta za abiria zitatua juu ya paa za maofisi. New York walikuwa wakifanya hivyo tayari juu ya jengo la Pan Am. Tarehe 16 Mei 1977 mguu wa gurudumu la helikopta iliyokuwa imesimama juu ya paa ukavunjika, helikopta ikalala ubavu mapangaboi yakizunguka, wakafa wanne juu ya paa na mpita njia mmoja chini barabarani, na huduma hiyo ikafungwa. Simwambii mtu aogope paa. Nasema ndoto hii si mpya, na mara ya kwanza haikuuliwa na injini ya mafuta.

Anga yetu nayo imejaa. Mji mmoja una JKIA, Wilson na kambi ya jeshi ya Eastleigh, zote zikiwa karibu kiasi kwamba ukiwa juu ya Nyayo unaweza kuzionyesha kwa kidole kimoja bila kusogea. Machi 2024 ndege ndogo ya mafunzo na ndege ya abiria zote za Wilson ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi. Ya abiria ilirudi salama, lakini mwanafunzi na mwalimu wake kwenye ile ndogo walipoteza maisha. Hao walikuwa na redio, rubani, na waongozaji wa anga. Ongezea makumi ya ndege zinazopaa wima kutoka kila paa la Upper Hill. Ongezea korongo marabu wanaolala kwenye migunga ya mzunguko wa Nyayo, ndege wa kilo tano na zaidi ambao asubuhi hupanda na hewa moto kuelekea jalala la Dandora bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nimewauliza vijana kuhusu korongo. Walitazamana.

Nikifika kwenye pesa, naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo walipokufa wakubwa.

Kampuni ya ndege za aina hii, Lilium, ilianzishwa 2015 na vijana wanne waliotoka chuo kikuu cha ufundi cha Munich. Nasema wanne kwa makusudi. Walikusanya zaidi ya dola bilioni moja. Ndege yao ilikuwa nzuri kuitazama, feni ndogo ndogo 36 kwenye ile ya majaribio, na iliruka mara nyingi ikiongozwa kutoka chini. Haikuwahi kubeba abiria. Mwishoni mwa 2024 ikafilisika, mwokozi akajitokeza, fedha zake hazikufika, na Februari 2025 ikafilisika tena. Volocopter, pia wa Ujerumani, walikuwa wameahidi kubeba abiria Paris wakati wa Olimpiki za 2024. Olimpiki zikaja zikaisha, hati ya kubeba abiria haikupatikana, na Desemba mwaka huohuo wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Kitty Hawk ya Marekani, iliyokuwa na mfuko wa Larry Page, mwanzilishi mwenza wa Google, nyuma yake, ilifunga 2022, na mwenye mfuko hakuwa ameishiwa.

Joby, anayeheshimika kuliko wote, alianza California 2009. Toyota imemwaga mamia ya mamilioni ya dola humo. Miaka zaidi ya kumi na tano baadaye, na dola zaidi ya bilioni moja zikiwa zimekwisha kutumika, walikuwa bado wakihangaikia hati ya kubeba abiria Marekani. Hata sisi tumeonja ahadi hizi. Mwaka 2022 Fahari Aviation, tawi la Kenya Airways, walitia saini barua ya nia na Eve, kampuni iliyozaliwa na Embraer ya Brazil, kuhusu hadi ndege 40 za aina hii. Ya kwanza ilitarajiwa 2026. Baadaye Eve wenyewe wakasogeza mbele hadi 2027. Barua ya nia si posa, na posa yenyewe si ndoa.

Kinachowala wote hawa ni pengo kati ya siku ndege inaporuka na siku inaporuhusiwa kubeba mtu. Kuruka ni rahisi siku hizi, nimeona kwa macho yangu Enterprise Road. Kuthibitisha ndiko ghali. Wasimamizi wa Ulaya walipotoa masharti yao ya ndege hizi 2019, waliweka kwamba ile ya kubeba abiria juu ya miji isiwe na hitilafu ya kuua zaidi ya mara moja katika saa bilioni moja za kuruka. Saa bilioni moja ni zaidi ya miaka laki moja na elfu kumi. Huwezi kujaribu muda huo, kwa hiyo unathibitisha kwa makaratasi: kila skrubu na asili yake, kila mstari wa programu, kila betri iliyochomwa moto makusudi kuona kama jirani yake itashika. Makaratasi hayo hutaka wahandisi mamia kwa miaka. Mamlaka yetu ya usafiri wa anga, KCAA, imezoea kupokea ndege zilizokwisha kupata hati Marekani au Ulaya. Kuikalisha chini iithibitishe ndege iliyozaliwa Industrial Area kutoka mwanzo ni kazi ambayo milioni zetu mbili hazitoshi hata chai ya kikao cha kwanza.

Hapo mjomba wa kijana alinijibu kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Alisema: na Wachina je? Kweli. EHang wa Guangzhou walipata hati ya serikali yao Oktoba 2023 kwa ndege ya viti viwili, mapangaboi 16, isiyo na rubani kabisa. Septemba 2025 iliruka Kigali mbele ya viongozi, na walioshirikiana kuileta walikuwa CRBC, haohao waliotujengea Expressway. EHang haikuanza ikiwa jitu. Ila tazameni ilichofanya: haikujaribu kuipita ndege ya kawaida, haina mabawa hata kidogo, inaenda kilomita thelathini hivi, na nyuma yake ilisimama serikali iliyoamua kwamba biashara ya anga za chini ni mkakati wa taifa. Bei yake nje ya China walitangaza dola 410,000, zaidi ya shilingi milioni 50 za leo. Kwa hiyo hoja ya mjomba inakata pande mbili. Ndiyo, mdogo anaweza kufika. Na akishafika, atakutana na vijana wetu sokoni akiwa na hati mkononi.

Kuna mtu mmoja mkutanoni aliyesema basi tuachane nao. Mimi sifiki huko, na sababu yangu ni lile gunia la mchanga.

Gunia halihitaji hati ya kubeba abiria. Kanuni zetu za droni za 2020 zimefungua mlango, kwa kinyongo lakini zimeufungua, kwa vyombo visivyo na mtu ndani. Rwanda, Zipline walianza kupeleka damu hospitalini Oktoba 2016 kwa vindege vidogo vinavyorushwa kwa manati na kuangusha mzigo kwa mwavuli. Hawakuahidi kumbeba mtu. Damu ilikuwa nyepesi na ya thamani, barabara zilikuwa za milima, na mteja alikuwa serikali. Miaka michache baadaye wakawa Ghana, kisha hapa kwetu upande wa Kisumu. Vindege vile hubeba kilo moja au mbili. Ndege ndogo ya Wilson hubeba mamia ya kilo lakini inataka kiwanja. Katikati hapo, kilo 50 hadi 90 na bila kiwanja, pana nafasi ambayo hapa kwetu sijaona mwenyewe. Mtungi mkubwa wa oksijeni una zaidi ya kilo 50. Kasha la chanjo la baridi likijaa halibebeki na kindege cha manati. Wakati wa mvua za masika za 2024 mafuriko yalipokata barabara ya Garissa, watu walivuka kwa boti na wengine wakafa maji. Mto ukiwa na upana wa kilomita tano kwa sababu umefurika, ndege inayofika kilomita thelathini inatosha na kuzidi.

Siku za kawaida hesabu ni kali zaidi. Umeme wa safari moja ni shilingi mia chache. Betri ndiyo inayokula. Wanakadiria pakiti itawagharimu laki saba na itachakaa baada ya kuchajiwa mara elfu moja, kwa hiyo kila safari inabeba shilingi mia saba za betri kabla hujamlipa mtu. Mpinzani wao hapo si helikopta, ambayo saa moja ya kuikodi ni laki kadhaa. Mpinzani ni bodaboda. Mwendesha boda atakupelekea kilo 50 umbali wa kilomita thelathini kwa bei hiyohiyo, na njiani atasimama kula. Mahali ambapo boda inapita, ndege hii haina kazi. Kwa hiyo soko lao ni sehemu na siku ambazo boda haipiti, na mteja wa siku hizo ni kaunti, Msalaba Mwekundu, na mashirika ya misaada. Kaunti zinavyolipa madeni yake tunajua sote. Chama chetu kina wanachama wawili waliowahi kuuzia kaunti dawati.

Nilirudi karakana mara ya pili na pendekezo: ng'oeni kiti. Kina kilo 11 na reli zake, nimekipima mwenyewe kwenye mizani yao. Weka kasha la mzigo mahali pake, omba ruhusa ya kuruka Kajiado bila mtu, ruka mara mia na gunia, kisha nenda kwa wafadhili. Kiongozi wao, kijana mpole wa miaka kama 27, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mzee, bila kiti hii ni droni tu. Hakuna mtu atakuja kuiangalia."

Nadhani amesema kweli, na ndiyo shida yenyewe. Kiti ndicho kilichonidundisha moyo hata mimi. Kiti ndicho kilichowafanya wenzetu wataje M-Pesa. Hakuna mwekezaji atakayepiga picha na mtungi wa oksijeni. Lakini ukishaweka kiti umejiandikisha kwenye mbio za Joby na EHang ukiwa na milioni mbili za chama, na ukishakitoa una kazi ndogo, chafu, isiyo na picha, ambayo pengine inalipa. Kampuni changa nyingi huficha uamuzi huu kwa kusema tutaanza na mizigo halafu abiria. Kwenye kijitabu chao abiria wako ukurasa wa nne na mizigo iko ukurasa wa kumi na tisa.

Mama mweka hazina aliuliza swali moja tu nilipompa ripoti ya mdomo, na lilikuwa bora kuliko yangu yote: ikianguka juu ya mtu, nani analipa? Helikopta ikizimika injini, rubani mzuri huacha mapanga yazungushwe na upepo na anaweza kuishusha. Mapangaboi madogo ya ndege hii hayawezi hivyo, yakikosa umeme yanakuwa vijiti. Mota moja ikifa, saba zinabeba. Pakiti zote zikizimika kwa kosa moja la programu ikiwa bado inaning'inia, inaanguka kama friji. Mwavuli mkubwa wa kuokoa ndege huhitaji kimo ili ufunguke, na ajali mbaya hutokea wakati wa kupaa na kutua, pale chini ambapo mwavuli haujapata nafasi. Nimewauliza kuhusu bima ya watu wa chini. Wana barua pepe ya wakala mmoja inayosema atarudi kwao. Haina tarehe.

Pendekezo langu kwa chama basi ni hili. Tutoe laki tano sasa, si milioni mbili, tena kama mkopo unaogeuka hisa. Zinazobaki zitoke watakapokuwa na mambo matatu: ruhusa ya maandishi ya kuruka bila mtu, bima ya watu wengine iliyolipwa, na safari hamsini za gunia zenye kumbukumbu ya betri kila safari. Wakitaka kurudisha kiti baadaye, watafute pesa ya kiti kwingine. Laki tano tuzihesabu zimepotea tangu siku ya kutoka, kama vile tunavyohesabu harambee. Wanachama wenye mikopo ya karo wasichangie humo.

Kura ni Jumapili. Mama mweka hazina ameniambia atapinga hata hizo laki tano. Ameomba pia niongeze swali lake moja kwenye karatasi hii kabla sijaituma kwenye kikundi: ile minyororo minne itafunguliwa lini, na siku hiyo nani atakuwa amesimama karibu. Nimeliongeza.